Hesabu ya Viluwiluwi

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mzee aliyepindana kwa umri, anayekwenda na bakora yake hatua kwa hatua, macho ameyainamisha chini kana kwamba anatafuta shilingi iliyomwanguka. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne tu nilipofanana naye. Ilikuwa Mombasa, mwanzoni mwa Januari, mwaka wa 2018. Usiku nililala mzima; alfajiri nikanyosha mkono kuuchukua mswaki, vidole vikakataa kuufumbata. Nilipotaka kusimama, vifundo vya miguu viliniuma kama vilivyopigwa nyundo. Homa ikapanda kabla ya jua kupanda. Kwa desturi yetu wengi, ambao kila homa twaiita malaria, nilinunua dawa ya malaria nikaimeza yote, kisha nikangoja kupona. Sikupona. Siku ya tano ndugu yangu alinichukua kwa daktari, akanipima damu, akaniambia kwamba sina malaria hata chembe. Nilikuwa na chikungunya, maradhi ambayo tangu Desemba yalikuwa yamewaangusha watu wengi mjini.

Dawa ya kuyaondoa maradhi hayo hakuna. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji, hutulizwa maumivu, na mwili wake huachiwa vita. Mimi vita vyangu viliendelea hata Pasaka. Nilifundisha nikiegemea fimbo, na wanafunzi wangu walinionea huruma mbele yangu na kuniigiza nyuma yangu. Nilivijua vivuli vyao ukutani, lakini sikuwa na nguvu za kugeuka upesi niwakamate.

Jina la maradhi hayo limetoka karibu na kwetu. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwashika watu wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, kusini ya Tanganyika, ikawapinda viungo, na wenyewe wakaiita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kupindana. Madaktari walioichunguza waliliandika neno hilo mwaka wa 1955, likaenea duniani. Dada yake homa hiyo ni dengi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kidingapopo. Na wako wataalamu wa maneno wanaodhani kwamba jina hilo nalo, linalotumika leo katika lugha za Ulaya, asili yake ni neno la Kiswahili cha pwani. Yaudhi kidogo kufikiri kwamba maneno haya mawili, moja kwa hakika na la pili kwa kudhaniwa, ni miongoni mwa yale machache tuliyoupa ulimwengu, na yote mawili ni majina ya homa.

Nilipokuwa kitandani sikujua kitu juu ya mbu anayeyaleta maradhi hayo. Nilishangaa tu kwamba nimeumwa na mbu hali nalala ndani ya chandarua kila usiku. Baadaye nilisoma, nikacheka kicheko cha mtu aliyeibiwa mchana huku akilinda usiku. Mbu wa malaria, Anofelesi, huuma usiku. Mbu wa dengi na chikungunya, ambaye wataalamu humwita Aedesi, huuma mchana, na ukali wake huzidi asubuhi na alasiri jua likikaribia kuchwa. Ni mweusi, mwenye mistari myeupe miguuni, na mgongoni ana alama iliyojipinda mithili ya kinubi. Hapendi kinamasi wala matope. Anapenda maji yaliyotulia katika chombo cha mwanadamu: pipa, mtungi, ndoo, kopo lililotupwa, tairi kuukuu, hata kifuu cha nazi kilichoelekea juu baada ya mvua. Jike lake hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, yakingoja maji yapande. Yakishalowa huanguliwa yakawa viluwiluwi, na katika joto letu muda wa siku saba au kumi hivi hutosha kumtoa mbu mzima mwenye mabawa.

Jambo moja katika masomo hayo lilinikaa moyoni kuliko yote, nalo ni kwamba mbu huyu si msafiri. Mwendo wake kwa kawaida haupiti mita 200 kutoka mahali alipozaliwa. Basi yule aliyeniuma mimi hakutoka mbali. Alizaliwa uani kwangu, au kwa jirani yangu, au kwa jirani wa jirani yangu. Nilijikokota na fimbo hadi nyuma ya jiko, mahali nilipokuwa nimeweka tairi la baiskeli ya zamani nikikusudia kulitengeneza. Ndani yake mlikuwa na maji ya kiasi cha bilauri moja, na katika maji hayo viluwiluwi vilikuwa vikichezacheza, vichwa chini, mikia juu, kama watoto wanaojifunza kupiga mbizi.

Sasa nakuomba ufikiri nami. Kila nyumba ya Mombasa ina vyombo vya maji, na si kwa sababu watu ni wachafu. Mifereji hukauka siku nyingi, maji huja kwa mikokoteni ndani ya mitungi, na mwenye akili hujiwekea akiba. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa Makonde pia, ambao walikwenda kuteka maji mbali na kuyaweka nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Lamu mwaka wa 2004, mvua ilipoadimika na joto likazidi: chikungunya ilikikumba kisiwa hicho hata uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ukaonyesha kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ikavuka kwenda Ngazija, ikafika Réunion na Bara Hindi. Ukame huleta mbu huyu sawasawa na mvua, kwa sababu katika ukame ndipo mapipa yanapokuwa mengi. Ni bwana afya yupi awezaye kuingia katika kila ua wa mji wenye watu zaidi ya milioni moja, ainamie kila pipa, na arudi tena baada ya siku saba? Hayupo, wala hatakuwapo. Lakini kila ua una mwenyewe, na mwenyewe ana macho.

Hapo ndipo nilipokutana na habari ya sayansi ya wananchi. Maana yake ni kwamba watu wasio wataalamu, kila mmoja mahali pake, huangalia jambo moja kwa njia moja, huandika walichokiona, na maandishi yao hukusanywa yakawa elimu. Katika Ujerumani, tangu mwaka wa 2012, watu hukamata mbu nyumbani mwao, huwagandisha katika barafu wasivunjike, na kuwapeleka kwa posta kwa wataalamu wawatambue. Katika Hispania uko mpango uitwao Mosquito Alert, ulioanza mwaka wa 2014, ambamo mwananchi humpiga mbu picha kwa simu yake na kuipeleka. Wataalamu huitazama, kisha humjibu yule aliyeipeleka na kumwambia kama mbu wake ni wa hatari au la. Mwaka wa 2018 picha ya namna hiyo ilitoka jimbo la Asturias, kaskazini ya nchi, ikaonyesha aina ya mbu wa kutoka Asia ya Mashariki ambaye hajapata kuonekana Hispania. Makazi yake yaliyojulikana hapo kabla yalikuwa mbali zaidi ya kilomita 1,000. Wataalamu walikwenda wakamkuta kweli. Hakuna aliyekuwa amefikiri kumtafuta huko, ila mtu mmoja aliyemwona nyumbani kwake akajiuliza, "Huyu ni mbu gani?"

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye simu za thamani. Nchini Rwanda, upande wa Ruhuha katika wilaya ya Bugesera, wanavijiji walijitolea tangu mwaka wa 2018 kutengeneza mitego kwa chupa za plastiki. Ndani walitia maji, sukari na hamira, vitu ambavyo vikichacha hutoa hewa ile ile tuitoayo sisi tukipumua, na hewa hiyo ndiyo imwongozayo mbu gizani kumtafuta mtu. Waliweka na tochi. Kila mwezi waliwakusanya mbu walionaswa, tena wakaandika jinsi mbu walivyowasumbua usiku. Na Madagaska, mwaka wa 2020, mtu mmoja katika mji wa Antananarivo alipiga picha ya kiluwiluwi kilichotoka katika tairi, akaipeleka kwa programu ya simu iitwayo GLOBE Observer. Wataalamu walipoichunguza baadaye walisema yafanana na aina ya Anofelesi iitwayo stefensi. Habari hiyo si ndogo. Sisi tumezoea kufikiri kwamba malaria ni maradhi ya mashamba na mabwawa, lakini stefensi, mzaliwa wa Asia ya Kusini na nchi za Ghuba, hukaa mjini na huzaa katika matangi na mapipa kama Aedesi. Alionekana Djibouti mwaka wa 2012, Ethiopia mwaka wa 2016, na mwezi wa Desemba 2022 akapatikana kwetu Kenya, katika Marsabit. Mbu wa namna hiyo akiingia mji kama wetu, malaria itahamia katika mapipa yetu wenyewe.

Lakini nimetangulia mbele ya hadithi yangu. Katika muhula wa pili wa mwaka wa 2019, nilipokuwa nimekwisha itupa fimbo, niliunda chama cha wanafunzi kumi na wanane wa kuhesabu viluwiluwi. Kazi ilikuwa nyepesi, na kama una bakuli jeupe na upawa waweza kuifanya hata wewe. Kila Jumamosi asubuhi mwanafunzi alivizunguka vyombo vyote vyenye maji nyumbani kwao, kwa ruhusa ya wazee wake. Katika kila chombo alichota upawa mmoja, akamimina ndani ya bakuli jeupe, akangoja maji yatulie, akaangalia. Kiluwiluwi cha Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Cha Aedesi huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa kijibomba kilicho mkiani. Kisha aliandika katika kadi namba mbili tu: vyombo vyenye maji ni vingapi, na vyenye viluwiluwi ni vingapi. Maji yenye wadudu yalimwagwa mchangani.

Niliwapa sheria moja ya maandishi, na niliitilia mkazo sana. Mtu akikosea asifute. Akate kosa kwa mstari mmoja, lililokatwa liweze kusomeka, aandike lililo sahihi kando yake, atie sahihi na tarehe. Niliwaambia kwamba daftari lililofutwafutwa ni shahidi aliyehongwa. Maneno hayo yalinipendeza mwenyewe, na niliyarudia mara nyingi.

Kadi zilianza kuja. Vyombo vinne katika kumi na kimoja. Sita katika kumi na vinne. Vitatu katika tisa. Kila Jumatatu niliziandika ubaoni, na kadi yenye idadi kubwa niliisoma kwa sauti. Kijana mmoja alinifurahisha kuliko wote, maana idadi zake zilipanda wiki kwa wiki: vitano, sita, saba, vinane. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikamzawadia sanduku la vyombo vya jometri. Msomaji, nakusihi ulishike jambo hili, maana mimi sikulishika: niliwaambia watoto kwamba nataka ukweli, lakini uso wangu ulichangamka kwa wingi.

Alikuwako pia msichana mmoja wa kidato cha pili, mpole, aliyeketi karibu na dirisha. Nyumbani kwao palikuwa na vyombo kumi na vitano, vingi kuliko kwa wenzake wote. Na kila wiki katika safu ya pili aliandika sufuri. Wiki ya kwanza sikujali. Wiki ya nne nilimtazama kwa jicho la upande. Wiki ya tisa subira iliniisha. Nyumba waliyopakana nayo ukuta kwa ukuta, alimokaa mwanafunzi mwingine wa chama, ilikuwa na viluwiluwi katika vyombo saba vya kumi. Itakuwaje upande wa pili wa ukuta huo pasiwe na hata kimoja, hali wote wanakunywa maji ya mkokoteni mmoja? Nilimsimamisha mbele ya darasa. Nilimwambia kwamba sayansi si mahali pa wavivu, na kwamba anayeandika sufuri akiwa amelala kitandani afadhali asiandike kitu. Hakujibu. Nilichukua kalamu, nikazikata zile sufuri tisa mmoja mmoja mbele ya macho yake, nikaiweka kadi ndani ya mtoto wa meza. Hesabu ya mtaa niliijumlisha bila ya nyumba yake, nikaipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilipokewa kwa adabu nyingi, ikawekwa juu ya makaratasi mengine, na hata leo sijapata jibu. Lakini kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa ya uongo, kama utakavyoona, sina ulimi wa kumlaumu mtu.

Katikati ya juma hilo yule mwanafunzi wa ukuta wa pili hakuja shule. Nilipata habari kwamba mdogo wake wa miaka sita amelazwa kwa homa, viungo vinamuuma, hawezi kusimama. Jumamosi alfajiri nilikwenda kumwangalia mtoto yule, ambaye ashukuriwe Mungu alikuwa ameanza kupata nafuu, na nilipotoka nikaona niingie nyumba ya pili. Sitakuficha nia yangu: nilitaka kumkuta yule msichana amelala.

Nilimkuta uani, upawa mkononi, ameliinamia pipa. Kando yake palikuwa na bakuli jeupe. Kadi hakuwa nayo, kwa kuwa nilikuwa nayo mimi. Lakini nyuma ya daftari lake alikuwa amepiga mistari kwa rula akatengeneza safu zile zile, na katika wiki ya kumi alikuwa anaandika. Aliponiona alisimama akaniamkia, akanyamaza.

Nyanya yake alitoka jikoni.

"Shikamoo, Nyanya," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Wewe ndiwe uliyesema mjukuu wangu mwongo?"

Nilitafuta jibu nisilipate. Yule mama hakulingoja. Alinishika mkono, na hapo nikaona vidole vyake: havikukunjuka sawasawa, vilikuwa vimepinda kama vya mtu aliyeshika kamba isiyoonekana. Aliniambia kwamba mwaka wa 2004 alikuwa anakaa Lamu, na homa ya mwaka huo ilimwacha na vidole hivyo. Alinipeleka kwenye pipa kubwa kuliko yote, akafungua leso iliyofungwa kinywani mwake kwa kamba, akaniambia, "Tia mkono. Papasa ukuta, hapo juu ya maji."

Nilipapasa. Ukuta ulikuwa mkavu, safi, wenye kukwaruza kidogo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Umeuona utelezi?"

"Sikuuona, Nyanya."

"Mimi utelezi siutaki. Kila Ijumaa, kabla ya mkokoteni kuja, maji yaliyobaki twayafulia, pipa twalilaza chini, twalisugua kwa kumbi la nazi na mchanga. Jirani yangu humwaga maji yake kama nimwagavyo mimi, ila hasugui. Humwaga, kisha hujaza. Nimemwambia, asema yeye si mtumwa wa mapipa."

Yule mama hakujua lolote juu ya mayai ya Aedesi. Hakuna aliyemwambia kwamba yanagandamana ukutani juu ya maji, ni meusi na madogo kiasi cha kutoonekana, na kwamba mwenye kumwaga bila kusugua huwaacha watoto wa mbu wamelala salama wakingoja mkokoteni ujao. Alilojua ni utelezi, na vidole vyake. Mimi nilikuwa nimesoma habari za mayai hayo kitabuni, nikazifundisha darasani kwa mchoro ubaoni, na katika sheria zangu zote nilizowapa watoto kumi na wanane sikuandika neno "sugua". Jibu la swali letu lilikuwa limeletwa mezani pangu kila Jumatatu kwa wiki tisa, nikalikata kwa kalamu. Mbu yupi alimuuma yule mtoto wa miaka sita, na alizaliwa katika chombo gani, hapana awezaye kusema. Nami sisemi. Ila nyumba yake na dawa ya nyumba yake zilitengwa na ukuta wa unene wa tofali moja, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi za pande zote mbili.

Siku hiyo nilizizunguka nyumba nyingine kadiri miguu ilivyoweza. Kwa yule kijana wa sanduku la jometri nilihesabu vyombo vya maji mwenyewe, vilikuwa sita. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika vinane vyenye viluwiluwi katika kumi na vinne. Nilimwuliza kwa upole, maana ukali wangu wote ulikuwa umebaki katika ua wa yule mama. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, zilipokuwa nyingi ulifurahi." Sikumpiga wala sikumnyang'anya zawadi. Deni lile lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Watu wengi wanaosikia habari za sayansi ya wananchi huuliza kama watu wa kawaida wataweza kumtambua mbu, kutumia simu, kushika upawa. Hayo hufundishika kwa asubuhi moja. Lililo gumu liko kwa yule anayekusanya. Akipenda kuletewa mbu, ataletewa mbu, hata wasiokuwapo. Wanaomwona mbu hupeleka habari. Wasiomwona hudhani hawana la kusema, nao ndio wanaotuonyesha mahali alipozuiliwa na jinsi alivyozuiliwa. Naamini pia kwamba mpango ule wa Hispania umedumu kwa sababu aliyepeleka picha hujibiwa. Mtoto akiandika kadi wiki kumi asisikie neno, wiki ya kumi na moja ataandika kutoka kichwani, na hutamjua.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasema niliyopaswa kusema. Haikuwa hotuba ndefu. Mtu mzima akiomba radhi mbele ya watoto maneno humkauka upesi. Baadaye siku hiyo nilimwita yule msichana, nikamtolea kadi mpya, nyeupe, isiyo na alama, nikamwambia aziandike upya sufuri zake tisa pamoja na ile ya kumi, na ile ya zamani tutaitupa.

Aliitazama kadi mpya asiipokee.

"Mwalimu, naomba ile ile," akasema.

"Ile imekatwakatwa."

"Ndiyo. Lakini ulisema mtu akikosea asifute. Aandike kando, atie sahihi."

Nilifungua mtoto wa meza nikaitoa. Mistari yangu tisa ilikuwa mizito, ya mtu mwenye hasira, lakini chini ya kila mmoja sufuri yake ilisomeka vizuri. Nikachukua kalamu, nikaandika sufuri nyingine kando ya kila moja, tisa zote, na kando ya kila moja nikatia sahihi yangu na tarehe. Alisimama hapo akinihesabia mpaka nikamaliza.